Namna ya Kuandika Hadithi ya Kuchekesha ya Wanyama wa Shambani Wanaosema

Maswali yanayonifikia kutoka kwa walimu wa Vihiga, wazazi wa Kisumu na vijana wa Nakuru wanaotaka kuwaandikia watoto hadithi za wanyama wa nyumbani ni yale yale kila mara. Je, wanyama wazungumze na watu, au wao kwa wao tu? Hadithi iwe ndefu kiasi gani? Ni lazima iishie kwa funzo? Na kwa nini kichekesho kilichomfurahisha mwandishi alipokuwa peke yake mezani hakimchekeshi hata mtoto mmoja darasani? Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayeanza leo aweze kwenda hatua kwa hatua mpaka apate hadithi kamili.

Kanuni inayoushikilia mwongozo huu ni moja: mnyama wako aseme, lakini abaki mnyama. Jogoo anayevaa suti, akaendesha gari na kwenda benki kuomba mkopo si jogoo tena, bali ni karani aliyepewa mdomo wa kuku, na mtoto aliyelelewa penye kuku hugundua udanganyifu huo upesi. Kichekesho chenye nguvu hutoka kwa kiumbe anayefikiri, kujigamba na kubishana kama binadamu, huku mwili wake na tabia zake zikimlazimisha kuwa kuku, mbuzi au ng'ombe.

Kabla ya kuanza

Utahitaji daftari na kalamu, kwa kuwa kompyuta haiingii zizini bila matatizo. Utahitaji mahali pa kuwatazama wanyama halisi. Anayeishi kijijini hana shida, na anayeishi mjini ana nafasi nyingi kuliko anavyodhani: mjini Nakuru wapo punda wa mikokoteni, na mjini Kisumu wapo mbuzi wanaozurura kando ya barabara bila kumwogopa mwenye tuktuk, pamoja na kuku wanaosubiri wanunuzi katika masoko kama Kibuye. Utahitaji pia mtu mmoja anayefuga ambaye hatachoka kuulizwa maswali, kamusi ya Kiswahili, na watoto wawili au watatu wa umri unaoulenga, wasiwe wako mwenyewe ikiwezekana, kwa sababu watoto wako watacheka ili wakufurahishe au watakataa kucheka ili wakuudhi.

Katika hatua zote nitatumia mfano mmoja. Kishungi ni jogoo wa boma moja huko Emuhaya, kaunti ya Vihiga. Asubuhi moja anamsikia mama mwenye boma akisema kwamba Jumapili atakuja mgeni. Kila jogoo wa magharibi mwa Kenya anajua maana ya maneno hayo.

Hatua ya 1: Amua unamwandikia nani

Kwa watoto wa chekechea, maneno 200 hadi 400 yanatosha, picha zikibeba nusu ya kazi. Kwa Gredi ya 1 hadi ya 3, lenga maneno 600 hadi 1,200. Kwa Gredi ya 4 hadi ya 6 unaweza kuandika sura fupi tano au sita, kila moja ikiwa na maneno kama 800 na ikikatika mahali pa hatari. Hivi ni vipimo vyangu vya kazi, wala si sheria ya nchi. Ikiwa unakusudia kijitabu cha kubanwa kwa pini katikati, kumbuka kwamba karatasi hukunjwa, na hivyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4: kurasa 12, 16 au 24.

Hatua ya 2: Watazame wanyama na uandike wanachofanya

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayotenganisha hadithi hai na hadithi ya kubuni hewani. Kaa karibu na wanyama asubuhi na jioni. Andika mnyama anafanya nini akiogopa, anagombana na nani, analala wapi, na ni jambo gani hawezi kujizuia kulifanya. Jambo hilo la mwisho lina thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu litakuwa chanzo cha vituko vyake.

Chukua jogoo. Watu wengi hudhani anawika kwa sababu ameona mwanga, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba ana saa ya ndani ya mwili inayomwambia kuwa mapambazuko yamekaribia, hata akiwekwa mahali penye mwanga hafifu usiobadilika. Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba palipo na majogoo kadhaa, mwenye cheo cha juu huwika kwanza na wengine hufuata kwa kushuka ngazi. Mwandishi mwenye jicho ataona hapo hadithi mbili. Ya kwanza ni ya jogoo aliyejificha mahali pazuri kabisa, asiyeonekana wala kusikika, mpaka alfajiri inapokaribia na koo lake linaanza kumwasha. Ya pili ni ya jogoo mdogo anayengoja zamu yake huku mkubwa amechelewa kuamka, na boma zima linachelewa shule. Isitoshe, kuku haoni vizuri gizani, na jua likizama anatafuta mahali pa kutua alale. Shujaa anayeapa kwamba atakesha akipigana na adui, kisha akasinzia katikati ya kiapo, hahitaji kutiwa chumvi.

Ng'ombe hucheua kwa saa nyingi kila siku, kwa hiyo hakuna mahali ambapo hawezi kukatizwa na chakula alichokwisha kukimeza. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu, naye hutafiti dunia kwa midomo, ndiyo maana anaonekana anakula kila kitu ilhali mara nyingi anaonja tu na kukataa. Mboni zake za macho zimelala kama mstari, na humwezesha kuona upande mpana bila kugeuka, hivyo ni vigumu sana kumnyemelea. Mbuzi jike naye huweza kuwa na ndevu, jambo linalowafurahisha watoto wa miaka saba kuliko mzaha wowote utakaoubuni. Nguruwe hatoki jasho la kutosha kumpoza, kwa hiyo hugaagaa matopeni kwa sababu ya joto. Akisema kwamba anaoga, hasemi uongo. Punda akiogopa huweza kusimama kama mti badala ya kukimbia, na kile ambacho mwenye mkokoteni hukiita ukaidi, huenda punda mwenyewe akakiita tahadhari. Mazungumzo ya wawili hao katikati ya msongamano wa magari mjini Nakuru yanaweza kuwa sura nzima.

Uliza pia mambo ambayo macho hayawezi kukupa. Kuku huatamia siku 21, na mayai ya bata huchukua siku 28 au zaidi, hadi 35 kwa wale bata wakubwa wenye nyama nyekundu usoni. Wafugaji wengi humwekea kuku mayai ya bata, na kuku huyo hukaa kiotani akihesabu siku zinazokataa kuisha. Bata hao wenye uso mwekundu pia hawapigi kelele ya "kwaa kwaa" inayoandikwa kila mahali. Dume hufoka kwa pumzi tu. Mhusika anayetaka kupiga kelele za hatari lakini sauti haitoki amekwisha kukufanyia nusu ya kazi.

Tahadhari: usitumie kila ulichokiona. Chagua tabia moja au mbili kwa kila mhusika na uzing'ang'anie. Ukizijaza zote utakuwa umeandika somo la sayansi.

Hatua ya 3: Weka sheria ya kusema, na usiivunje

Zipo njia tatu. Katika ya kwanza wanyama husemezana wao kwa wao, na watu husikia milio tu. Katika ya pili mtu mmoja, kwa kawaida mtoto, anawaelewa. Katika ya tatu kila mtu anamwelewa kila mnyama. Anayeanza namshauri achukue ya kwanza, kwa kuwa inaleta kichekesho bila gharama: Kishungi anatoa hotuba ya dakika tano kuhusu haki za majogoo, tunaisoma yote, kisha mama mwenye boma anafungua dirisha na kusema, "Huyu jogoo leo ana kelele." Njia ya tatu ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwani ikiwa mbuzi anaweza kumweleza mwenye boma kwamba mwizi ni fulani, hadithi inaisha ukurasa wa pili.

Amua pia kama wanyama wa aina tofauti wanaelewana, na kama wanaelewa maneno ya watu. Kishungi anaelewa neno "mgeni" na neno "Jumapili". Haelewi mengine yote, na ndipo matatizo yanapoanzia.

Hatua ya 4: Mpe shujaa haja moja na kasoro moja

Haja ya Kishungi ni kuipita Jumapili akiwa mzima. Kasoro yake ni kiburi, kwa maana hawezi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua. Andika sentensi moja yenye vyote viwili kabla ya kuendelea: "Kishungi anataka kumkimbia mgeni wa Jumapili, lakini hataki kumuuliza mtu yeyote mgeni huyo ni nani." Ikiwa huwezi kuiandika sentensi ya namna hiyo, bado huna hadithi.

Kisha mpe wenzake wawili, wasizidi. Mimi nimempa Mama Ndevu, mbuzi anayeonja kila kitu kabla ya kutoa maoni, na Pole, bata dume asiye na sauti. Nyumbani anabaki ng'ombe Malkia, ambaye anajua ukweli wote lakini anacheua.

Hatua ya 5: Chora ramani ya safari

Chora kwenye karatasi, hata kama huwezi kuchora. Tumia mahali halisi, kwa sababu mtoto wa Luanda anayekuta Luanda katika hadithi hukaa wima kitini. Safari ya Kishungi inatoka Emuhaya, inapita kati ya yale mawe makubwa ya vilima vya Vihiga, inafika soko la Luanda, kisha inafuata barabara ya Kisumu hadi Maseno, ambako mstari wa ikweta unapita. Hapo Mama Ndevu anakataa kuvuka. Ameambiwa kuna mstari, ameutafuta kwa macho, ameutafuta kwa midomo, hakuupata, na hawezi kuvuka kitu asichokionja.

Pima safari kwa miguu ya mnyama wala si kwa yako. Kuku wa kienyeji hawendi mbali na boma, kwa hiyo kilomita kadhaa kwake ni nchi ya ng'ambo, na ni lazima apate usafiri. Kishungi anaona pikipiki ya boda boda yenye tenga la kuku nyuma na anafurahi kwamba kuku wenzake wamepata gari la bure. Msomaji anajua tenga hilo linaenda wapi. Kishungi hajui. Anaingia kwa hiari yake, na hata anamsukuma mwenzake ili akae dirishani.

Panga vikwazo vitatu, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, na uhakikishe kwamba kila suluhisho la shujaa ndilo linalozaa kikwazo kinachofuata. Anakimbia sufuria moja, anafika sokoni penye wanunuzi wenye sufuria mia. Anatoroka tengani, anajificha ndani ya gunia la mahindi. Gunia ni salama kabisa, mpaka alfajiri.

Hatua ya 6: Tia vichekesho

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia ya kwanza ni kuielewa vibaya dunia ya watu. Mnyama anaona kitu cha kawaida na kukipa maana inayolingana na hofu yake. Kishungi akimwona mtu mwenye kisanduku cha kubebea vitu baridi, anaapa kwamba ndani mna vitunguu, nyanya na kijiko. Elekeza hofu yote kwenye kitu kimoja kinachoonekana, ili hata mchoraji apate cha kuchora.

Njia ya pili ni kuongea kwa uzito juu ya jambo dogo. Watoto wetu wameketi katika mabaraza ya chifu na mikutano ya harambee, na wanaijua lugha ya huko. Kuku kumi na wawili wanaoitisha kikao, wakachagua mwenyekiti, wakasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, na kujadili kwa kirefu mnyoo mmoja ambaye wakati huo anaondoka zake taratibu, ni kichekesho ambacho mzazi anayesoma kwa sauti atakifurahia pia. Unaweza vilevile kumleta fahali mstaafu wa mapigano ya mafahali ya Shinyalu, kaunti ya Kakamega, anayedai bado anazisikia ngoma za isukuti masikioni, ambaye umaarufu wake unafahamika kote na ambaye anamwogopa bata.

Njia ya tatu ni marudio. Jambo likitokea mara mbili kwa namna moja, mtoto hulingoja la tatu, na hapo ligeuze. Marudio mazuri zaidi ni yale yanayotoka mwilini mwa mnyama, kama haya:

"Mgeni!" akasema Kishungi. "Amesema mgeni. Jumapili! Mnajua maana yake?"

"Mimi najua," akajibu Malkia kwa utulivu. "Maana yake ni..."

Akanyamaza. Kitu kilikuwa kinapanda kooni mwake. Akaanza kucheua.

Kishungi akasubiri. Pole akasubiri. Nzi wawili waliokuwa wakipita nao wakasubiri.

"Basi!" akapaaza sauti Kishungi. "Hata yeye anaogopa kulitaja!"

Njia ya nne ni tanakali za sauti, na hapa Kiswahili kimetujalia utajiri ambao ni aibu kuuacha kabatini. Anayeanguka chini anaanguka pu, majini, chubwi, mchangani, tifu, matopeni, tapwi. Shujaa anayeangushwa mara nne mahali panne tofauti amekupa sauti nne, na ukimsomea mtoto wa Gredi ya 1 utamsikia akiitaja ya nne kabla yako. Usizitawanye katika kila sentensi, lakini. Sauti moja katika ukurasa inatosha.

Tahadhari kubwa ya hatua hii ni lafudhi. Vichekesho vingi vya redio na jukwaani nchini kwetu hutegemea kuiga namna watu wa kabila fulani wanavyotamka Kiswahili, na mwandishi mgeni huvutwa kumpa mbuzi lafudhi ya huku na kondoo lafudhi ya kule. Usifanye hivyo. Darasa moja la Nakuru lina watoto wa Kikuyu, wa Kalenjin, wa Luo, wa Luhya na wa Kisii, na kicheko utakachokipata kitamwelekea mtoto aliyeketi dawati la pili badala ya mbuzi wako. Mbuzi atofautishwe kwa anachokitaka na kwa namna anavyokwepa maswali.

Tahadhari nyingine ni kisu. Mtoto wa shambani anajua kuku huishia wapi, na kumficha jambo hilo ni kumdharau. Taja sufuria, taja harufu ya kitunguu, lakini kisu kibaki nje ya ukurasa, na asichinjwe yeyote ambaye umempa jina.

Hatua ya 7: Andika mazungumzo kwa adabu ya nyumbani

Wanyama waitane kama watu wa boma wanavyoitana. Kifaranga hamwiti mbuzi mzee kwa jina tupu; atamwita Mama Ndevu au Shangazi. Jogoo atataka aitwe Mzee hata kabla hajaota kucha za kisigino. Adabu hizi ni chombo cha kuchekesha pia: bata mdogo anayetaka majani ya mwenzake ataanza na "Shangazi mpenzi", na Shangazi mpenzi ataanza kutafuna haraka zaidi.

Weka maneno mafupi vinywani mwao. Mhusika akizungumza zaidi ya sentensi tatu mfululizo, mkatize, isipokuwa kama urefu wenyewe ndio mzaha.

Hatua ya 8: Malizia kwa tukio

Hadithi za wanyama tulizorithi, zile zilizotanguliwa na "Paukwa" na "Pakawa", nyingi zilimalizika kwa funzo, na walimu wengi huamini kwamba bila funzo hadithi haijakamilika. Mimi siamini hivyo kwa hadithi ya kuchekesha. Mtoto akishacheka kisha akaambiwa alipaswa kujifunza nini, kicheko hukauka. Acha tukio la mwisho lifanye kazi yote.

Kishungi anawika ndani ya gunia, anagunduliwa, na mtu anayemfahamu mwenye boma anamrudisha nyumbani asubuhi ya Jumapili. Mgeni ndiye yule yule mwenye kisanduku. Kisanduku kinafunguliwa, na ndani hamna vitunguu. Mna chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia Newcastle, nayo hutiwa jichoni tone moja tu na kwa kawaida hutunzwa baridi. Kishungi anafumba macho kuaga dunia. Anafumbuliwa jicho moja. Tone! Basi, kazi imekwisha, mgeni anaenda kunywa chai. Ndipo Malkia anapomeza, anapangusa mdomo kwa ulimi na kumalizia sentensi aliyoianza ukurasa wa kwanza: "...ni daktari wa kuku. Nilimsikia mama akizungumza naye kwa simu."

Angalia kwamba ukweli wa chanjo umeingia bila kuhubiriwa, na kwamba kucheua, kisanduku na kuwika vyote vimelipwa. Kila kitu ulichokitaja zaidi ya mara moja kiwe na kazi mwishoni, la sivyo kifute.

Hatua ya 9: Soma kwa sauti mbele ya watoto

Wasomee bila kuwaeleza kwamba ni kazi yako. Shika penseli. Weka alama mahali wanapocheka, mahali wanapojikuna na mahali wanapotazama mlango. Usiwaulize kama wameipenda, kwa kuwa watakubali kwa heshima. Waulize kilichotokea, kisha nyamaza. Sehemu wanayoisahau wote ni ya kukatwa hata kama uliipenda sana wewe.

Hatua ya 10: Tayarisha kwa ajili ya kusomwa na wengine

Mpe mchoraji maelezo mafupi ya kila ukurasa, na umwachie aonyeshe kile ambacho maneno hayasemi. Mbuzi akichorwa na meno ya mbele ya juu, mrudishie. Haki zako kama mwandishi huanza mara tu hadithi inapowekwa kwenye maandishi, na sheria ya Kenya huzilinda maisha yako yote na miaka 50 baadaye. Ukitaka cheti cha usajili, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ndiyo inayohusika. Namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kitabu kinachotaka kuidhinishwa kwa matumizi ya shule hupitia Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya, na njia hiyo ni ndefu. Kwa kitabu cha kwanza, nakala chache za mashine ya kurudufu zilizoachwa katika shule ya jirani zitakufundisha zaidi.

Matatizo ya kawaida na tiba yake

Watoto hawacheki. Mara nyingi mzaha wako unategemea jambo ambalo ni mtu mzima tu anayelijua, kama vile kodi au siasa. Rudi kwenye daftari la hatua ya 2 na utafute kitu ambacho mwili wa mnyama unafanya bila ruhusa yake.

Wanacheka, lakini hawajui hadithi inaelekea wapi. Una vituko bila haja. Soma tena sentensi ya hatua ya 4, na uulize kila tukio linamsogeza shujaa karibu na haja yake au linamtenga nayo. Lisilofanya moja kati ya hayo, litoe.

Wahusika wote wanasikika sawa. Funika majina na usome mazungumzo peke yake. Ikiwa huwezi kumtambua msemaji, mpe kila mmoja jambo analolikwepa: Kishungi anakwepa kuuliza, Mama Ndevu anakwepa kutoa jibu kabla ya kuonja, Pole anakwepa kufungua mdomo mbele ya wageni.

Hadithi imeisha mapema mno. Shujaa amepata suluhisho lisilozaa tatizo. Mwache afaulu, kisha mafanikio yenyewe yamtie mashakani, kama gunia lilivyofanya.

Upatanisho wa kisarufi unayumba. Wanyama huchukua upatanisho wa viumbe hai, kwa hiyo andika "paka huyu" na "kuku wake", wala si "paka hii" na "kuku yake", hata kama ndivyo tunavyozoea kusikia mitaani. Kifaranga naye "alikimbia", ingawa jina lake linaanza kwa ki. Ukimdogosha mbuzi akawa kibuzi, hapo "kilikimbia", na ukianza hivyo endelea hivyo mpaka mwisho wa ukurasa.

Mtoto anauliza swali linaloibomoa hadithi, kwa mfano, "Kwa nini Kishungi hakuruka juu ya mti?" Mshukuru na urekebishe. Kuku huweza kupanda matawi ya chini na hulala huko akiruhusiwa, kwa hiyo ama umfunge kamba mguuni, ama umpe sababu ya kiburi ya kukataa mti.

Mtu mzima anauliza funzo liko wapi. Mwonyeshe tone la jichoni. Asiporidhika, andika maswali mawili ya kujadiliwa na uyaweke kwenye ukurasa wa mwisho ulio peke yake, ambao mtoto anaweza kuuruka.